Shemeji Yangu, Mng'arisha Ekzosi

Shemeji yangu amekula ujana wake wote nyuma ya magari ya watu. Sisi wengine pale kwenye kituo cha kuosha magari tulishughulika na vitu vinavyoonekana: vioo, taa, viti, mazulia. Yeye alikaa kwenye kigoda chake huko chini, kwenye mdomo wa ekzosi, lile bomba la moshi, mahali ambapo mwenye gari mwenyewe hainami hata siku moja, mpaka siku anapotaka kuliuza. Wakambandika jina la Midomo. Jina lilikuwa la kejeli tu, maana mtu mwenyewe ni mkimya kupindukia. Ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata mchana. Mimi nilimwita shemeji, kwa sababu amemuoa dada yangu mkubwa, na ndiye aliyenisemea kwa bosi nikapata kazi ya kufyonza vumbi ndani ya magari.

Nieleze kazi yake, maana wapo wanaodhani ni kupitisha kitambaa na kwenda zako. Kwanza unaliacha bomba lipoe, la sivyo maji yanachemkia hapo hapo na masizi yanaganda. Kisha unaosha kwa sabuni nje na ndani, na ule upande wa ndani unausugua kwa mswaki wa zamani mpaka maji yatoke safi. Hapo ndipo akili inapotakiwa, kwa sababu midomo haifanani. Kuna ya chuma kisichoshika kutu, hiyo inavumilia kusuguliwa kwa nyuzi za chuma, zile laini kama nywele za mtoto. Kuna ya kromu, ambayo ngozi yake ni nyembamba. Hiyo anaisugua kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji, taratibu, kisha anaipaka dawa ya kung'arishia na kuifuta kwa kitambaa laini mpaka ujione meno. Na kuna ya tatu, iliyokuja na magari ya siku hizi: mdomo uliopakwa rangi nyeusi makusudi huko huko kiwandani. Huo hausuguliwi kwa lolote. Ni maji ya sabuni na kitambaa, basi. Sijui nani aliona ni busara kutengeneza kitu cheusi mahali panapokaa masizi, lakini mtu huyo simpendi mpaka leo.

Dada alimpenda shemeji kwa sababu moja kubwa, na hakuwahi kuificha: hanywi. Baba yetu alikunywa. Sisemi alionja mwisho wa wiki. Alikunywa kitanda, akanywa redio, akanywa cherehani ya mama. Dada ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, kwa hiyo aliyaona mengi kuliko sisi, na aliapa mbele ya shangazi zetu wote kwamba hatalala chumba kimoja na mlevi hata akiwa amebakiwa na siku moja ya kuishi. Shemeji alipokuja kuchumbia, dada alimnusa kabla ya kumkaribisha kiti. Tulicheka sana siku ile.

Basi miezi ya karibuni shemeji akaanza vituko. Alikuwa akigusa bomba kwa kidole, halafu badala ya kukitazama kidole, anakinusa. Nikamtania, "Shemeji, unaonja chumvi?" Akatabasamu akaendelea. Alianza kukihamisha kigoda chake hapa na pale akifuata jua, na gari likiegeshwa kivulini anaomba lisogezwe. Mara nyingine ananiuliza, kana kwamba ni mzaha, "Hivi hili gari wangeliita rangi gani?" Nami namjibu wangeliita chafu. Kila mtu pale ana lake, na kazi yake ilitoka safi kama kawaida, kwa hiyo hakuna aliyejishughulisha.

Siku ya mkasa alikuja mwanamke mmoja mwenye duka la mapazia, na gari jipya analoliita mwanangu. Alikuwa ametoka safari ndefu. Lilikuwa na midomo miwili nyuma, na kwa jinsi lilivyokuwa limejaa vumbi na moshi, hata mimi nisingejua chini yake kuna nini bila kuangalia vizuri. Shemeji akaosha, akagusa, akanusa. Bomba lilikuwa limetoka kupiga kazi, lazima linuke masizi. Akapaka dawa, akafuta. Kitambaa kikatoka cheusi. Akafuta tena, kikatoka cheusi. Nikamsikia akijisemea, "Hili limeungua, hili," na akachukua nyuzi za chuma.

Alisugua sana. Mimi nilikuwa ndani ya gari hilo hilo na mashine yangu, namsikia anavyohema. Mwishowe akaniita, "Shemeji, hebu njoo uone!" Sauti yake ilikuwa na raha, na yeye si mtu wa kuita watu waone. Nikashuka. Jasho linamtiririka, anatabasamu kama bwana harusi. Mdomo wa kushoto ulikuwa mweusi ti, wa kiwandani. Wa kulia ulikuwa mweupe, unang'aa, hauna hata tone la rangi.

Kabla sijafungua kinywa, mwenye gari alikuwa nyuma yangu. "Mungu wangu! Nani amelichuna gari langu?"

Bosi akatoka ofisini. Huyu bosi wetu ni mkono wa birika, lakini kwa wateja ana maneno ya asali. Akainama, akatazama, akasimama amebadilika sura. "Midomo, hii ni rangi. Rangi ya kiwandani! Mtoto mdogo angeona. Umefanya nini?"

Nikaona shemeji anapapasa ule mdomo alioumaliza, kisha anapapasa ule mwingine, kisha anarudi kwenye ule wa kwanza. Uso ukamshuka. Hapo alikuwa ameelewa.

"Nakuuliza! Au umevaa miwani asubuhi yote hii? Umelewa?"

Shemeji akaziweka chini nyuzi za chuma, akasema, "Nimelewa, bosi."

Yule jamaa wa pampu ya maji akazima pampu yake. Bosi akapeleka pua shingoni kwa shemeji, na ile dawa ya kung'arishia inanuka spiriti kali, naye ilikuwa imemrukia mpaka kwenye kola. "Na kweli unanuka!" bosi akapiga kelele. "Midomo! Wewe?" Akamtuliza yule mama kwa ahadi ya kumpakia rangi upya, mabomba yote mawili, kisha akamgeukia shemeji. "Nenda nyumbani wiki nzima, pombe ikutoke. Hiyo ndiyo sheria hapa, hata wa pampu aliipata akarudi. Lakini ukirudi unanuka hivi, usirudi tena."

Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na kwa mlevi hazihitaji hata kuitwa. Nilimtazama anavyoondoka, anaukosa mlango wa geti na kuligonga kwa bega, nikasema moyoni: kumbe wote ni walewale.

Habari ilimtangulia nyumbani, kwa sababu mke wa yule wa pampu anakaa mtaa mmoja na dada na kazi yake kubwa ni kupeleka habari. Dada alimpokea mlangoni. Akamnusa. Akamuuliza, "Ni kweli?" Shemeji akajibu, "Nilikunywa kidogo tu."

Dada hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha aliponisimulia. Alikaa akaanza kujumlisha. Alikumbuka jinsi mumewe alivyomimina chai nje ya kikombe na kusingizia usingizi. Alikumbuka alivyojigonga kwenye fremu ya mlango, alivyokanyaga beseni la nguo, alivyoingia ua wa jirani jioni moja akidhani ni kwao na kuchekwa. Macho yake mekundu kila siku. Yote aliyokuwa ameyavumilia bila kuyaelewa yakakaa sawasawa kwenye neno moja. Akatoa godoro dogo akalitupa sebuleni. "Jumapili kaka yako aje akuchukue," akamwambia. "Mimi nilishalelewa na mlevi mmoja, inatosha."

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Hakujitetea hata kidogo, na dada akaona huo nao ni ushahidi.

Nilikwenda kumsema na kumpa vidonge vyake siku yangu ya mapumziko. Dada alikuwa kazini, anafungasha sabuni kiwandani. Nilimkuta shemeji amekaa kwenye ngazi ya mlango, juani, amepanga mifuniko yote ya sufuria za dada mbele yake na anaisugua. Anaushika mmoja, anausogeza karibu na pua, anauweka mbali, anaupapasa. Sikumsalimia. Nilisimama mlangoni nikaanza. Nilimwambia kwamba amemuua dada yangu akiwa hai. Nilimwambia alivyotudanganya wote, alivyokaa mbele ya wazee wetu akijifanya mtu wa soda. Nilimwambia mengi ambayo hayaandikiki.

Akasikiliza yote. Mimi nikashindwa na kilio, nikatoka pale mlangoni, nikaenda kuegemea pipa la maji pale kando, nikampa mgongo ili asinione nalia. Ndipo akaanza kujibu, polepole. "Shemeji, una haki ya kusema. Mimi nakuomba tu umwangalie dada yako nikiondoka. Asikae peke yake..."

Nikageuka. Alikuwa anazungumza na mlango. Nilikuwa mkono wake wa kulia, karibu kabisa, na yeye amegeuza uso kwa adabu, anazungumza na mlango mtupu. Nikasogea taratibu, nikapunga mkono kando ya sikio lake la kulia. Hakupepesa.

"Shemeji," nikamwambia, "niko huku."

Akaruka kama aliyemwagiwa maji. Mfuniko ukamtoka mikononi, ukabingirika uani mpaka ukaanguka wenyewe.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Jicho la kulia siku nyingi. La kushoto ndilo lilikuwa linanisaidia. Sasa nalo naona kama niko kwenye moshi." Akajifuta uso kwa kitambaa chake cha kazi. "Ule mdomo wa gari nilidhani masizi. Niliposikia bosi anasema rangi, nikajua nimekwisha."

"Sasa kwa nini useme umelewa? Si ungesema ukweli?"

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Shemeji, yule wa pampu amelewa mara ngapi? Yuko wapi leo? Si yuko kwenye pampu! Haya, nitajie mtu mmoja aliyekwenda kwa bosi akasema haoni, halafu akakabidhiwa gari la watu."

Nikakaa kando yake kwenye ngazi, naye akaendelea.

"Mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Nikikaa nyumbani bila kazi na bila macho, mimi ni nani? Dada yako ataniogesha? Atanitoa nje asubuhi na kuniingiza jioni kama nguo?"

"Lakini anakufukuza, shemeji! Jumapili!"

"Najua. Mke anaweza kumsamehe mlevi. Nikirudi kazini, nikikaa vizuri, atanisamehe. Tafadhali usimwambie. Akijua atanikimbiza hospitali, na huko watanipumzisha, na kigoda changu kitakaliwa na mtu mwingine."

Aliniomba kwa mikono miwili. Mimi nikamwambia nimesikia, nikamwokotea mfuniko wake, nikatoka moja kwa moja mpaka kwenye geti la kiwanda cha sabuni. Kuna mambo ya kumfichia mtu, na hili halikuwamo.

Dada alitoka na wenzake, mifuko mikononi. Nilimvuta pembeni nikamwambia.

"Hanywi?" akauliza.

"Hanywi."

"Hata tone?"

"Dada, haoni. Macho yake yamekwisha, alidanganya ili asimwage unga."

"Hanywi!" Dada akanikumbatia, akanitikisa, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Mume wangu hanywi! Nilijua! Si nilikwambia?" Wanawake wenzake wakageuka kututazama, na mmoja akaanza kucheka naye bila kujua kinachochekwa. Sijamwona dada na furaha ile tangu siku ya harusi yake. Kisha mikono yake ikalegea mabegani mwangu. "Umesema haoni?" akaniuliza kwa sauti ndogo. "Haoni vipi?" Na akakaa chini pale pale, ukingoni mwa barabara, watu wanampita.

Kesho yake akampeleka hospitali ya macho, karibu kwa kumburuta. Daktari alikuwa mama mpole, alimpima taratibu na hakumficha kitu. Ni presha ya macho. Jicho la kulia limekufa. La kushoto, kilichokwenda hakirudi tena. Dawa ya matone ni ya kulinda kile kidogo kilichobaki, naye haahidi kitalindika mpaka lini. Dada aliuliza maswali mengi. Shemeji aliuliza moja tu: ataweza kutofautisha cheusi na cheupe? Daktari akamwambia kwa sasa ataweza, akiwa kwenye jua kali. Baadaye hajui.

Wiki ikaisha. Shemeji akavaa shati safi, akaenda kituoni, na dada akamruhusu kwa shingo upande. Bosi hakumruhusu hata avuke geti. Yule mama wa mapazia alikuwa amesimulia mji mzima, na kigodani alikuwa ameshakalishwa mtu mwingine, mpwa wa bosi, anayesugua kila kitu kwa nyuzi za chuma. "Ulevi wa wengine naufahamu," bosi akamwambia. "Wa kwako umenishtua. Nenda tu."

Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi. Nilipita jioni nikamkuta hajavua hata viatu. Dada alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Basi naenda kumwambia ukweli," dada akasema. "Atakuonea huruma."

Shemeji akamshika upindo wa gauni. "Ukimwambia hivyo umenizika. Huruma atanipa, kazi hanipi. Daktari si amesema juani bado naona? Niache nifanye kazi mpaka jicho liishe, mke wangu. Nakuomba. Niache niishie kwenye kigoda changu."

Usiku huo, dada aliniambia baadaye, hakulala, na godoro la sebuleni lilikuwa limesharudi chumbani.

Asubuhi nilikuwa nakung'uta mazulia nilipomwona dada anaingia kituoni. Amevaa viatu vyake vya kutokea. Nyuma yake, amesimama getini, mumewe. Dada alipita kati ya magari, maji yanamrukia miguuni, mpaka katikati ya uwanja, mbele ya wateja na sisi wote. Nilijua anakwenda kusema ukweli. Nikaacha zulia.

"Bosi," akasema kwa sauti ya kusikika, "mimi ni mke wa Midomo. Mume wangu ni mlevi."

Dada yangu. Neno ambalo tangu utoto hakutaka hata kulisikia likitamkwa nyumbani kwake.

"Ni mlevi tangu namjua," akaendelea. "Nimemficha sana, sasa nimechoka kumficha. Nimekuja kumwombea. Mpe kigoda chake, na mlinzi nitakuwa mimi. Kila asubuhi nitamleta kwa mkono mpaka hapa, nimkalishe mwenyewe. Jioni nitamfuata kwa mkono nimrudishe, asipate upenyo wa kupita kilabuni. Ukimwona mahali popote bila mimi au mdogo wangu huyu, mfukuze."

Wengine walicheka. Yule wa pampu akapaza sauti, "Karibu chamani, Midomo!" Bosi alimtazama dada muda mrefu, na naamini aliguswa, kwa sababu alivua kofia.

"Mama," akasema, "mke wangu mimi asingesimama hivi kwa ajili yangu. Aje kesho. Lakini kila asubuhi atanipulizia kwanza."

Dada akashukuru, akageuka, akaenda kumshika mumewe mkono pale getini. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea shati lake safi, na watu wakasema tazama, pombe inavyomliza.

Ndivyo wanavyokuja siku hizi. Mtaa mzima unamwita dada mke wa mlevi, na wanawake huziba midomo kwa mikono wakipita. Yeye anatembea hivyo hivyo, amemshika mumewe kiganja, anamwambia chini chini penye shimo na penye jiwe. Wakifika, shemeji anampulizia bosi usoni, bosi anatikisa kichwa ameridhika, na dada anamkalisha kwenye kigoda. Mimi ndiye ninayemwambia huu ni kromu, huu ni mweusi wa kiwandani, huku najifanya natafuta ndoo. Vidole vyake bado ni vilevile, na kazi inatoka.

Leo walichelewa kidogo. Jua lilikuwa limeshapanda, kali, anga tupu, sisi tuliokuwa tunaosha mapaa ya magari tulikuwa tumefunga vitambaa kichwani. Dada alimkalisha, akamwekea mswaki na dawa karibu na mkono. Shemeji akanyanyua uso juu, akaugeuza huku na huku.

"Mke wangu," akamuuliza, "mbona leo kuna mawingu sana?"

Dada alikuwa amekinga mkono juu ya macho yake mwenyewe kwa mwanga. Akaushusha.

"Yapo," akamwambia. "Wewe anza tu kazi, yatapita."